Mchanga Kwenye Sailensa

Kufika saa nne asubuhi Inspekta alikuwa amekwisha kunywa vikombe vitatu vya kahawa, na hakuna hata kimoja alichokinywa akiwa ameketi. Aliizunguka meza yake kama mtu aliyepoteza funguo. Juu ya meza, kwenye gazeti la juzi, lilikuwepo bomba la moshi la pikipiki ya zamani. Lilipakwa rangi ya fedha, lilipinda mara mbili, na kwenye kona ya kwanza lilikuwa na ufa ambao ukucha wa kidole gumba ungeweza kuingia. Kijikaratasi chenye namba ya jalada kilining'inia kwa uzi.

Kwa bomba hilo mtu alikuwa amekufa, na kwa bomba hilohilo mtu mwingine alikuwa mahabusu.

"Nisomee tena," Inspekta alisema.

Koplo, mwanamume mnene mwenye hati nzuri kuliko wote pale kituoni, alifungua jalada bila haraka. Yeye hakuwahi kuwa na haraka, na hilo ndilo lililokuwa likimkera bosi wake kwa mwaka wa tatu sasa.

"Marehemu ni mstaafu wa posta, alipeleka barua kwa pikipiki miaka thelathini na moja. Watu wote wanamwita Tarishi. Alikutwa Jumamosi saa kumi jioni bandani kwake, nyuma ya nyumba, pikipiki inanguruma, mlango na dirisha vimefungwa. Daktari anasema ni moshi."

"Kwa nini alifunga mlango?"

"Jirani yake ni muuguzi wa zamu ya usiku, mchana analala. Tarishi alikuwa anawasha injini kila Jumamosi, nusu saa hivi, na anafunga ili kelele zisimwamshe jirani. Mkia wa sailensa, ule mtungi wa kupunguza kelele bomba linapoishia, ameuvalisha mpira, mpira unapita kwenye tundu la ukuta, moshi wote unaishia nje. Miaka minane amefanya hivyo, hajakohoa hata siku moja."

"Mpaka moshi ukapata mlango mwingine kabla ya kufika kwenye mpira."

"Kwenye huo ufa. Na pua yake ilikuwa imekufa siku nyingi, shemeji yake anasema petroli ndiyo iliyoiua. Hata chakula kikiungua jikoni alikuwa hajui." Koplo alifunua ukurasa. "Huyo shemeji ndiye aliyetuonyesha ufa wenyewe. Ni mdogo wa kiume wa mjane, dalali wa pikipiki za zamani. Ndiye pia aliyetutajia fundi aliyetengeneza bomba."

"Na mjane?"

Koplo aliguna. "Hana mengi. 'Jumapili asubuhi nilimsikia mume wangu akirudi nyumbani, nikatoka mbio kwenda kumfungulia lango.' Msiba, afande. Nilitaka kuikata hiyo sentensi, nikaona niiache."

"Kazi yako ni kuandika, Koplo. Kukata waachie mafundi cherehani."

Saa tisa alasiri mwendesha mashtaka angelichukua jalada, na fundi wa kuchomelea angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Akishapelekwa gerezani kusubiri kesi, kesi zenyewe zilivyokuwa zimerundikana, angesubiri miezi. Mkewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu Jumapili na mfuko wa nguo safi mapajani, na kila Inspekta alipopita pale alitazama ukuta. Alikuwa amechoka kutazama ukuta.

Alilibeba bomba kwapani akashuka mahabusu.

*

Fundi alikuwa mtu mwembamba asiye na nyusi. Mtaani walimwita Kikaango, kwa kuwa mchanga wake wa kazi aliukausha kwenye kikaango cha mkewe, na ugomvi wa kikaango hicho ulijulikana nyumba hata nyumba.

"Hili si langu, mama," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulisema hivyo Jumapili."

"Na Jumapili ijayo nitasema hivyohivyo."

"Mfa maji haishi kutapatapa," Koplo alilinong'oneza daftari lake.

Kikaango alimsikia. "Sitapatapi hata kidogo. Afande, pitisha kidole hapo kwenye kona, kwa ndani ya kipindo. Unapata nini?"

Inspekta alipitisha kidole. "Matuta."

"Vipande vinne hivyo. Vimekatwa kwa msumeno, vikaunganishwa, vikasagwa kwa jiwe, vikapakwa rangi. Mimi sikati. Bomba langu ni chuma kimoja toka kichwani mpaka mkiani. Nalijaza mchanga mkavu, naushindilia mpaka ukiligonga unadhani umegonga gogo. Naziba kwa kigingi cha mbao huku na huku. Halafu moto wa gesi, polepole, nalipinda. Mchanga ndio unaolishika lisibonyee. Mchanga ukiwa na unyevu, hata tone, mvuke unakurushia kigingi usoni. Ndiyo maana ya kikaango."

"Na ndiyo maana ya nyusi."

Kikaango alicheka, mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Mchanga wote unatoka?" Inspekta aliuliza. Alikuwa akitembea hatua tatu kwenda na tatu kurudi, maana chumba hakikuruhusu ya nne.

"Hautoki wote. Nagonga kwa nyundo ya mbao, napuliza, lakini zipo punje zinazoganda kwa joto. Injini ndiyo inayozitema, siku za mwanzo. Nilimwambia Tarishi, ukiwasha usisimame nyuma yake."

"Lini?"

"Nilipomkabidhi. Wiki tatu na siku mbili. Yule mzee alitafuta bomba miaka miwili, afande. Aliandika barua mpaka kwa watu asiowajua, tarishi mzima akawa yeye ndiye anayesubiri majibu. Kiwanda kilishakufa, spea hakuna. Na hata angelipata la kiwandani lisingemkaa. Fremu yake imepinda. Enzi za kazi aligonga nguzo ya simu. Chuma cha mbele kimeingia ndani kwa upana wa kidole hiki." Aliinua kidole cha mwisho. "Basi nikalipinda bomba juu ya pikipiki yenyewe, kama anavyopimiwa mtu koti. Mwenye nundu ukimshonea koti lake, wewe usiye na nundu ukilivaa linakuning'inia. Pikipiki nyingine ya aina ileile ukiivalisha bomba lile, linasimama mbali na fremu."

"Bomba lake la zamani uliliona?"

"Hakulileta. Alisema hataki nilione, nisije nikaiga upumbavu."

"Nani angefanya kazi kama hii?"

Kikaango alilitazama bomba kwa jicho la fundi, na kwa kitambo akawa si mahabusu. "Anayesaga chomeleo mpaka likalala hivi amezoea kutengeneza vitu vya kushikwa na mikono ya watu. Mtafute fundi wa mageti."

"Na kama unayosema ni kweli, bomba lako liko wapi?"

"Mimi niko humu ndani, mama. Aliye nje ni wewe."

*

Mtaa wa mafundi wa mageti ulikuwa na karakana tisa na kelele za karakana tisini. Inspekta alipita kwa miguu, bomba mkononi, Koplo akimfuata kwa jasho. Wa kwanza alisema hajawahi kugusa pikipiki. Wa pili alisema kazi ile ni mbaya mno kuwa yake. Wa tatu alitaka kwanza ajue kama kuna kesi, na alipoambiwa ipo, akasema macho yake siku hizi hayaoni karibu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na pale mtaani ngoma zilikuwa nyingi.

Wa nne alikuwa amekalia ndoo akila. Alilipokea bomba, akaligeuza, akaweka kidole kwenye kishimo kidogo kilichokuwa upande wa nyuma.

"Hili langu," alisema.

Koplo aliacha kujifuta jasho.

"Una hakika?"

"Hiki kishimo nilikipiga mwenyewe kwa nyundo. Pikipiki ya yule mzee wa posta ilikuwa na fremu mbovu, bomba likawa linagonga chuma. Nikalibonyeza lipite. Miaka minne sasa. Sema mimi sikupaka rangi, nililitoa jeusi." Alilinusa. "Hii rangi mpya kabisa. Na huu ufa mtu ameuziba kwa ile dawa ya kubandika vyuma, tazama mabaki yake. Dawa ile kwenye moto haikai. Ikipata joto la injini inapukutika kama unga."

"Unatumia mchanga kwenye kazi zako?"

"Mchanga? Wa kujengea?"

Inspekta alimshukuru. Hatua ishirini mbele Koplo alimfikia, uso umemng'aa.

"Basi tumemaliza, afande. Hili ndilo bomba la zamani la Tarishi. Lilipasuka, akampelekea Kikaango amtengenezee jipya. Kikaango akaona kazi ngumu, akaziba ufa, akapaka rangi, akamrudishia mzee lilelile akamwambia ni jipya. Mzee macho hayaoni vizuri. Huo si uzembe tena, ni utapeli uliomtoa mtu roho. Jalada limepata nguvu."

Hapo Inspekta alisimama, jambo la nadra. Maelezo yalikuwa mazuri. Yaliingia kila mahali kama ufunguo kwenye kitasa, na mwendesha mashtaka angeyapenda. Kikaango alisema hakuliona bomba la zamani. Ni nani wa kulithibitisha hilo, ila maiti? Aliona aibu jinsi alivyokuwa karibu kumwamini mtu kwa sababu tu ameucheka mzaha wake.

"Saa ngapi?"

"Saa saba kasoro dakika kumi."

"Twende bandani. Na mpigie simu shemeji mtu, aje atie sahihi maelezo yake. Kama Kikaango alidanganya, nataka nijue bomba lililofungwa wiki tatu zilizopita lilikuwa lipi."

Koplo alipiga simu wakiwa njiani. Dalali alisema yuko barabarani anampelekea mteja pikipiki, lakini angepitia nyumbani kwa dada yake, si mbali. Alisema lolote la kuwasaidia polisi wamuagize tu.

*

Banda lilikuwa na upana wa vitanda viwili. Tarishi alikuwa mtu wa mpangilio: spana kwa ukubwa wake, bisibisi kwa urefu wake, makopo ya boliti yamebandikwa karatasi zenye mwandiko wa kusimama. Pikipiki ilikuwa katikati, nyeusi, injini wazi pale bomba lilipokuwa limetolewa. Sailensa ilikuwa bado mahali pake, na mkia wake bado umeuvaa mpira wa kupeleka moshi nje. Polisi walikuwa wamechukua bomba peke yake.

Inspekta alizunguka pikipiki mara mbili. Kisha akainua macho ukutani.

Juu ya rafu kulikuwa na misumari miwili mikubwa, mitupu. Ukuta ulikuwa umekolea masizi ya miaka, lakini kati ya misumari ile kitu kizito kilikuwa kimeyakwangua, kikaacha alama nyeupe iliyopinda mara mbili. Alilinyanyua bomba lililopasuka akaliegemeza. Alama ikafunikwa yote.

"Lilikuwa limetundikwa hapa," alisema.

"Kabla ya kupelekwa kwa Kikaango," Koplo alisema.

"Gusa." Alipitisha kidole ukutani, kwanza kwenye masizi, kisha kwenye alama. "Huku nje vumbi nene. Ndani ya alama hakuna hata la siku tano. Wiki tatu zingeacha vumbi, Koplo. Limeteremshwa wiki iliyopita."

"Huenda mzee aliliteremsha mwenyewe."

"Huenda." Alipiga magoti sakafuni. "Nipe spana namba kumi na tatu. Na gazeti."

"Afande, suruali yako."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Spana."

Boliti mbili zilitoka kwa shida, ya tatu kwa matusi. Inspekta aliichomoa sailensa, akaisimamisha juu ya gazeti mdomo chini, akaigonga kwa mpini wa bisibisi. Yalianguka masizi, meusi na laini. Aligonga tena. Masizi zaidi. Alianza kugonga kwa hasira, mara saba, mara nane, Koplo akatazama mlango kama anayeombea jirani muuguzi. Mara ya tisa kitu kilitoa sauti nyembamba juu ya gazeti, kama mvua inavyoanza kwenye bati.

Inspekta aliyachukua masizi kwa kifuniko cha kopo, akamwaga petroli kidogo, akakitikisa, akaimwaga. Weusi ukaondoka. Ndani ya kifuniko zikabaki punje za mchanga, kijiko kizima, za rangi ya njano iliyofifia.

"Mchanga wa barabarani," Koplo alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejibishana na nafsi yake.

"Umeingiaje? Injini inapuliza nje, hainyonyi kwa mkia. Huu umetoka mbele. Na mbele kuna bomba tu." Inspekta alisimama, magoti meusi. "Fundi wa mageti hajui hata mchanga ni wa nini. Hili bomba lenye vipande halijawahi kuwa na mchanga ndani. Kwa hiyo lipo bomba jingine, lililopindwa kwa mchanga, lililofungwa kwenye sailensa hii, na injini ikawashwa. Kikaango alitengeneza kazi yake, akaikabidhi, na mzee akaitumia. Wiki iliyopita mtu akaifungua, akateremsha lile bovu ukutani, akaliziba, akalipaka rangi, akalirudisha."

"Mwizi gani anaiba bomba moja akaacha pikipiki?"

"Anayehitaji bomba moja."

Saa nane kasoro robo. Koplo alianza kukunja gazeti la mchanga kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto nepi, na safari hii Inspekta hakumhimiza.

*

Mjane alikuwa jikoni akiosha vikombe vilivyokuwa safi. Alivisuuza, akavipanga, akavichukua tena. Inspekta aliujua ugonjwa huo, akasimama naye kwenye sinki akashika kitambaa akaanza kufuta.

"Mama, pole tena kwa msiba. Nina maswali mawili tu."

"Uliza, mwanangu. Ukiondoka nitabaki na vikombe hivi."

"Bomba la zamani la mzee lilikuwa wapi?"

"Alilitundika kule bandani. Alisema likae pale limkumbushe asimpe fundi wa mageti kazi ya pikipiki."

"Nani aliyeingia bandani wiki iliyopita?"

"Nani aingie? Mwenyewe. Na mdogo wangu, maana hilo banda ni lao wote. Ijumaa mume wangu alienda kupima macho, mdogo wangu akashinda humo mchana kutwa, anasema anatengeneza kitu cha kwake."

Mikono ya Inspekta ilisimama juu ya kikombe.

"Na hili bomba jipya, ulipoliona..."

"Mimi sijui bomba wala pampu," mjane alisema. "Pikipiki ile naijua kwa masikio. Miaka thelathini na moja nimekaa jikoni hapa nikiisikia inaingia kona ile ya juu, naacha kila kitu naenda kumfungulia lango, ili asishuke. Alikuwa hapendi kushuka afungue. Lile bomba la vipande liliiharibia sauti, ikawa kama inakohoa. Basi alipofunga hili la Kikaango, ikarudi vilevile ya zamani. Wiki tatu zile, mwanangu, nilikuwa nausikia ujana wangu unarudi nyumbani." Alifunga bomba la maji. "Na yule Kikaango nilimpikia siku aliyolileta. Kumbe nampikia aliyeniulia mume."

"Mama, Jumapili uliposema ulimsikia..."

"Najua mliandika mkacheka. Nilimsikia. Nilikimbia bila viatu."

"Ulipofungua lango ulimkuta nani?"

 Mjane alikuwa ameinua kichwa. Kwa mbali, juu ya kona, injini ilikuwa ikiteremka, nzito na yenye mpigo ulionyooka, bila kikohozi. Mwanamke yule akajifuta mikono kwenye kanga, akampita Inspekta, akapita ukumbini kwa mwendo wa mtu mwenye umri nusu ya wake, na walipomfikia alikuwa amekwisha kulivuta lango.

Pikipiki ikaingia uani. Nyeusi, ya aina ileile, imeng'arishwa kwa ajili ya mteja. Dalali alizima injini akavua kofia, mtu mtanashati wa miaka hamsini hivi, akatabasamu.

"Dada. Afande. Wapi pa kutia sahihi? Nina mtu ananisubiri."

Mjane alikuwa bado ameshika lango. Alimtazama ndugu yake, akaitazama pikipiki, na hakuna aliyehitaji kumwambia jambo. Lilionekana usoni kwake likiingia polepole, kama maji yanavyoingia chini ya mlango.

Inspekta alipiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo. Bomba lilikuwa zuri. Lilipinda bila tuta, bila chomeleo, chuma kimoja toka kwenye silinda hadi kwenye sailensa. Lakini kati yake na chuma cha mbele cha fremu palikuwa na nafasi, na mahali pa kulishikizia mtu alikuwa ameongeza vibati vitatu vya duara ili boliti ifike. Aliingiza kidole chake cha mwisho kwenye nafasi ile. Kikaingia chote.

"Koti hili si lako," alisema.

"Samahani?"

"Bomba umelipata wapi?"

"Mimi ni dalali wa pikipiki za zamani, afande. Spea ndiyo kazi yangu. Nilinunua, siku nyingi."

"Kwa nini linasimama mbali na fremu?"

"Mabomba ya zamani ndivyo yalivyo. Bomba ni bomba."

"Hili limepimwa kwa pikipiki iliyogonga nguzo ya simu. Koplo atakwenda kuleta ile ya bandani tulivalishe hapahapa mbele yako, tuone linavyolala. Halafu tutaling'oa tutazame ndani kama kuna mchanga unaofanana na huu uliomo kwenye gazeti." Alijipangusa magoti. "Au unieleze mwenyewe, maana nina dakika arobaini na mtu asiye na kosa yuko mahabusu."

 Dalali alimgeukia dada yake, si askari.

"Niliazima tu, dada. Wallahi niliazima. Mteja alikuwa anakuja Jumamosi kuiona, na bila bomba zima hainunuliki. Shemeji alisema Jumamosi anasafiri kwenda kuwaona wenzake wa posta. Nikasema Jumapili nitalirudisha, hatajua. Lile la zamani nililiweka lishike nafasi tu."

"Ukaliziba na kulipaka rangi," Inspekta alisema. "Ili asilitambue."

"Ili asinione mwizi!"

"Safari ikaahirishwa."

"Sikujua mpaka Jumamosi asubuhi. Nilimpigia kumwuliza kama amefika, akasema hakwenda, wenzake wamesogeza mbele." Sauti yake ilipungua. "Nikamwambia sawa, shemeji."

"Ulijua Jumamosi anawasha pikipiki."

Dalali aliigeuza kofia mikononi.

"Ulijua anafunga mlango. Na simu alikuwa nayo sikioni. Ungemwambia neno moja."

"Ningemwambia nini, afande? Kwamba nimemwibia? Nilijisemea labda leo hatawasha. Siku nzima nilikuwa najisemea."

Koplo alikuwa akiandika kila neno. Inspekta alitoa simu, akapiga kituoni, akasubiri milio mitatu akiwa amesimama tuli.

"Jalada la Kikaango lisitoke. Ndiyo, ninakuja na jingine. Mfungulieni akae na mkewe hapo mapokezi mpaka nifike. Mwambieni bomba lake nimelipata."

Alipokata simu, mjane alikuwa ameliacha lango na kusogea. Hakulia. Aliweka kiganja karibu na bomba, bila kuligusa, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa aliyelala. Bado lilikuwa na joto.

"Jumapili ulikuja nalo hili," alimwambia ndugu yake. "Ulikuja kunipa pole nalo. Nikakufungulia nikidhani ni yeye, ukanikumbatia hapa, ukaniambia ni Kikaango."

"Dada, tafadhali..."

"Mnaichukua hii pikipiki?" alimwuliza Inspekta.

"Ni kielelezo, mama. Haitoki hapa mpaka gari lije."

Mjane alirudi langoni. Aliusukuma ubawa mmoja ukajifunga, na ule wa pili akauacha wazi kwa upana wa kupita mtu mmoja.

"Basi leo utoke kwa miguu," alimwambia ndugu yake. "Na siku ukirudi, piga hodi. Sitakimbilia sauti tena."